Dawa ya Manganezi kwa Tomati na Viazi

 Leo sitasema juu ya mambo mengi. Nataka kusema nanyi juu ya unga mmoja tu, ule wa manjano uliofifia, unaouzwa sokoni Uvira na Baraka na katika vijiji vya bonde la Ruzizi. Wengi wenu huuita Dithane, hata kama karatasi yake imeandikwa jina jingine. Jina lake la kweli ni mankozebu. Kila mtu mwenye shamba la tomati amekwisha kuushika, na wengi wameushika kwa mkono mtupu. Hiyo ndiyo sababu ya maneno yangu.

Kwanza mjue kitu chenyewe ni nini. Chukueni betri ya tochi, ile ambayo wachimbaji huitupa ikiisha nguvu. Ganda lake la nje ni zinki. Ndani yake mna unga mweusi unaochafua vidole, na katika unga huo mna manganezi. Madini hayo mawili, manganezi na zinki, ndiyo yaliyomo katika dawa yetu: katika gramu 100 za mankozebu safi mna gramu 20 hivi za manganezi na gramu 2 na nusu za zinki. Lakini mtu asije akavunja betri na kumwaga unga wake shambani! Katika betri manganezi imeshikana na hewa ya oksijeni tu. Katika dawa imefungwa pamoja na kitu kingine chenye kaboni, naitrojeni na kiberiti, na kule kufungwa ndiko kunakoifanya iue ukungu. Madini ni yale yale, kazi ni mbali kabisa.

Nchi yetu ya Kongo ina manganezi yake, kule Kisenge katika Katanga, upande wa mpaka wa Angola. Mawe yale yalikuwa yakipelekwa pwani kwa reli ya Benguela mpaka vita vya Angola vilipoifunga njia mwaka 1975. Nawaambia hayo kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kila chenye jina la madini kinatoka karibu. Dawa hii haitengenezwi kwetu. Ndugu yake wa kwanza, aitwaye manebu, mwenye manganezi bila zinki, alitokea Marekani mwaka 1950. Mankozebu ilianza kuuzwa mwaka 1962 na kampuni ya Rohm and Haas, ya huko huko Marekani, na jina Dithane lilitoka kwa kampuni ile. Siku hizi nyingi hutengenezwa Uhindi na Uchina, nayo hutufikia kwa meli, kisha kwa lori, kisha kwa mtumbwi au pikipiki.

Basi yafanyaje kazi? Sikilizeni vema, maana hapa ndipo fedha za watu wengi hupotea. Ugonjwa wa tomati na viazi unaoitwa mildiu huletwa na kitu kidogo sana kinachofanana na ukungu, kama ule unaoota juu ya ngozi iliyolowa. Mbegu zake huruka na upepo, hushuka juu ya jani lenye maji, huota, na kuingia ndani. Dawa ya manganezi hukaa juu ya jani, haiingii ndani. Mbegu ya ukungu ikianguka juu yake hufa kabla ya kuota. Lakini ukungu uliokwisha kuingia ndani ya jani dawa haiufikii. Mtu huezeka nyumba kabla ya mvua. Akingoja mpaka kitanda kimelowa, majani ya kuezekea hayatakausha kitanda. Ndivyo ilivyo na unga huu. Mtu anayeona shamba lake limekuwa jeusi, kisha akimbilie dukani kununua pakiti mbili, amenunua sumu bure.

Kuna sifa moja njema ambayo sitaificha. Dawa nyingine zinazoingia ndani ya jani hupiga ukungu mahali pamoja tu pa mwili wake, na ukungu huzoea, ukawa haudhuriki tena. Mankozebu huupiga mahali pengi kwa mara moja, kwa hiyo ni vigumu kwake kuizoea. Ndiyo maana viwanda huichanganya na dawa zile nyingine, kama ilivyo katika Ridomil. Mkiona pakiti ya namna hiyo, jueni kwamba manganezi imo ndani, wala msiongeze nyingine juu yake.

Sasa, magonjwa ambayo haiponyi kamwe. Mihogo yenye majani yaliyojikunja na madoa ya manjano: ule ni ugonjwa wa virusi, unaoletwa na inzi weupe wadogo na kwa vipande vya mti mgonjwa mnavyovipanda. Ng'oeni, mkapande miti mizima. Ndizi zinazokauka na kutoa usaha wa manjano zikikatwa: ule ni ugonjwa wa bakteria, ulioonekana katika Kongo mwaka 2001 huko Masisi, kisha ukateremka Kivu yote. Kateni ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, na panga lililokata mgomba mgonjwa lipitisheni motoni. Tomati inayonyauka mchana mmoja ikiwa bado na majani ya kijani: nayo ni bakteria ya udongoni. Nimeona mtu akimwaga pompi nzima juu ya tomati za namna hiyo, kisha akalaumu dawa kuwa ya uongo. Dawa ilikuwa ya kweli. Ugonjwa ndio uliokuwa mwingine.

Tena tofautisheni mlima na bonde. Ninyi wa Lemera na wa milima ya juu mna baridi, ukungu wa asubuhi na mvua. Kwenu mildiu ina nguvu, hasa katika viazi. Doa lake huanza kama limelowa maji, huwa la kahawia au jeusi, na chini ya jani asubuhi mtaona kitu cheupe kama vumbi. Shamba lote huweza kufa katika juma moja au mawili. Ninyi wa Sange, Luvungi na Kiliba mna joto. Kwenu mara nyingi mnaona doa jingine, kavu, lenye mizunguko ndani yake kama shina la mti uliokatwa, nalo huanza katika majani ya chini, ya zamani. Huo ni ugonjwa mwingine, hauendi mbio. Dawa hii huzuia yote mawili, lakini mtu wa bondeni hana haja ya kunyunyiza mara nyingi kama mtu wa mlimani. Wakati wa kiangazi, jua likiwaka na majani yakiwa makavu, haina haja kabisa.

Kipimo chake ni gramu 2 hadi 2 na nusu kwa lita moja ya maji, ikiwa karatasi inasema 80 kwa 100. Basi pompi ya lita 15 yataka gramu 30 hadi 38. Msipime kwa ukufi wa mkono, wala kwa macho. Mna bahati moja hapa: karibu na machimbo hakuna kijiji kisicho na mtu mwenye mizani ya dhahabu. Mwombeni awapimie gramu 35 mara moja tu, juu ya karatasi itakayochomwa baadaye. Zimimineni katika kopo dogo, tieni alama kwa msumari mahali unga ulipofika, na kopo lile liwe la dawa siku zote, lisirudi jikoni.

Kuchanganya ni hivi. Unga huu hauyeyuki majini kama chumvi. Huelea tu kama udongo katika mto wakati wa mvua. Kwa hiyo ukoroge kwanza na maji kidogo ndani ya ndoo, kwa kijiti, mpaka uwe kama uji. Tieni maji nusu ya pompi, mimineni uji ule kupitia kitambaa, kisha jazeni maji. Wakati wa kunyunyiza tikiseni pompi mara kwa mara, la sivyo dawa itakaa chini, mistari ya kwanza itapata nyingi mno na ya mwisho itapata maji. Nyunyizeni asubuhi umande ukikauka, pasipo upepo, na chini ya majani pia. Mvua ikiwa imekaribia, ngojeni. Katika siku za mvua hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10. Changanyeni ile ya kazi ya siku moja tu: dawa iliyokwisha kutiwa majini huanza kuvunjika, na baada ya siku moja nusu yake imekwisha kuharibika. Ile ya jana katika pompi si dawa tena, na katika kuvunjika kwake hutokea kitu kibaya kuliko yenyewe. Nitakisema sasa.

Kitu hicho wataalamu hukiita ETU. Hutokea dawa inapovunjika majini, katika mwili wa mtu, na zaidi ya yote inapopikwa motoni. Wanyama waliolishwa ETU nyingi katika majaribio waliharibika tezi ya shingo, na mimba zao zilitoa watoto wenye vilema. Kwa hiyo mama anayetia tomati chunguni zikiwa bado na vumbi jeupe, anapika vumbi lile liwe ETU. Tomati zisuguliwe kwa maji safi kabla ya kupikwa, kila moja. Si kazi kubwa.

Lakini mbona vumbi liko juu ya tomati sokoni? Hapa nasema na wauzaji. Wako watu wanaonyunyiza siku ya kuvuna, hata baada ya kuvuna, wakisema kwamba tomati zitafika machimboni bila kuoza. Si kwetu tu. Huko Uganda wataalamu walizipima tomati kuanzia mashambani mpaka sokoni wakakuta mabaki ya dawa za jamii hii. Najua njia ya kwenda Misisi ni mbaya, na lori likikwama siku mbili mali inaharibika. Nawahurumia. Hata hivyo mnunuzi wa Misisi ni ndugu yenu, mara nyingi ni mtoto wenu mwenyewe aliyekwenda kuchimba. Baada ya kunyunyiza, ngojeni juma zima kabla ya kuvuna, na ikiwa karatasi inasema siku zaidi, mfuate karatasi. Kwa safari, vuneni tomati zikianza tu kubadilika rangi, asubuhi zikiwa kavu, na mzipange katika masanduku ya mbao badala ya kuzisonga guniani. Tomati isiyopasuka haiozi upesi.

Sasa habari ya wenye mimba. Mtu akinywa kidogo cha unga huu hafi siku ile, wala haanguki kama aliyekunywa dawa ya wadudu. Ndiyo maana watu huudharau. Madhara yake ni ya polepole. Huko Kosta Rika ndege hunyunyiza mankozebu juu ya mashamba makubwa ya ndizi. Tangu mwaka 2010 wataalamu waliwapima mkojo wanawake 451 wenye mimba katika wilaya ya Matina, wakaona kwamba waliokaa karibu na mashamba yale walikuwa na ETU zaidi kuliko waliokaa mbali. Wanawake wale hawakushika pompi. Walikaa karibu tu. Na nchi za Umoja wa Ulaya, mwezi wa Desemba 2020, zilikataa kuendelea kuiruhusu dawa hii, kwa kuwa yahesabiwa kuharibu uzazi na kuvuruga kazi za tezi za mwili.

Mtaniuliza: ikiwa Ulaya wameikataa, mbona yauzwa kwetu? Ni swali la haki, wala sina jibu la kuwapendeza. Yauzwa kwa kuwa ni rahisi, na kwa kuwa mlimani, mwaka wa mvua nyingi, mtu asipokuwa na kitu cha kuzuia mildiu hupoteza chakula cha watoto. Mimi siwaambii muitupe leo. Nawaambia hivi: mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha asinyunyize, asichanganye, asipalilie shamba lililonyunyizwa jana, wala asifue nguo za kunyunyizia. Mume azifue mwenyewe, mbali na nguo nyingine. Nimesikia wanaume wakicheka hapo nyuma. Chekeni, kisha mfue.

Anayenyunyiza avae mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vya mpira, glavu, na kitambaa kizito puani na mdomoni. Hatari kubwa ni wakati wa kufungua pakiti, unga ukiwa mkavu. Wengi huwashwa ngozi na macho. Likiingia jichoni, oshwa kwa maji mengi yanayomiminika, robo ya saa nzima. Tena manganezi yenyewe, ikivutwa puani kwa miaka mingi, huharibu ubongo. Mwaka 1837 daktari mmoja wa Scotland, James Couper, aliandika habari za wafanyakazi waliokuwa wakisaga mawe ya manganezi: walilegea miguu, wakatembea kwa kuyumba, sauti ikadidimia. Wale walivuta vumbi kila siku, si kama mkulima. Lakini kijana aliyevuta vumbi la mawe shimoni miaka mitano, akarudi kuvuta na hili, anaongeza mzigo juu ya mzigo.

Maji nayo. Dawa hii huua samaki na wadudu wadogo wanaoliwa na samaki, hata ikiwa kidogo. Pompi isioshwe katika Ruzizi, wala Mulongwe, wala Kalimabenge, wala katika mfereji wa mpunga, maana yote huishia ziwani, waliko ndagala na mikeke wetu. Suuzeni pompi mara tatu kwa maji kidogo kidogo, na maji yale myanyunyize juu ya tomati zile zile. Pakiti tupu itobolewe, isitiwe chumvi wala unga.

Juu ya kununua, nitasema kifupi. Mali hii hufika kwetu kwa njia ya Bujumbura na Kavimvira, au kwa meli toka Kigoma hadi Kalundu, au kwa barabara ya Bukavu. Mpaka ukifungwa au vita vikipita, dawa huadimika, na hapo ndipo watu hutokea na mifuko ya plastiki isiyo na maandishi. Msinunue mfuko wa namna hiyo. Nyumba moja bondeni, baba aliweka mfuko wa plastiki juu ya kabati la jikoni. Mke akadhani ni unga wa mahindi ya manjano, akachemsha maji ya bugali. Kilichowaokoa ni pua yake: dawa ina harufu ya kabichi iliyooza. Nunueni pakiti iliyofungwa, yenye jina, kiasi cha dawa na tarehe. Viwanda vingine huutia rangi ya buluu, hiyo si kosa. Ukitia kidogo katika glasi ya maji, unga mzuri hutawanyika kama wingu. Ulioharibika hufanya madonge na kuzama. Jaribio hilo halitambui kila udanganyifu, ila la madonge mlikatae.

Muuweke pakavu, palipofungwa, mbali na chakula na watoto. Unga ukilowa kidogo ndani ya gunia huweza kupata joto wenyewe. Ndugu yake manebu ameandikwa katika kanuni za mizigo ya meli kuwa kitu kinachoweza kuwaka bila moto. Enyi wenye mitumbwi, usipakiwe chini penye maji. Na enyi wa Uvira, kumbukeni Aprili 2020, Mulongwe ulipobomoa nyumba na kuua watu: dawa isiwekwe katika nyumba iliyo kando ya mto.

Kazi nyingine hazitaki fedha. Pandeni tomati mbali mbali, upepo upite kati yake. Zisimamishwe kwa miti. Majani ya chini yanayogusa udongo yakatwe. Maji yamwagwe shinani, si juu ya majani. Tomati zisifuate viazi katika shamba moja, kwani ugonjwa wao ni mmoja. Mtu anayefanya hayo bondeni aweza kuvuna bila kunyunyiza, au mara mbili tu. Na wazee wa kahawa watakumbuka ile dawa ya buluu, sulfati ya shaba na chokaa, kilo 1 kwa kilo 1 katika lita 100 za maji, iliyoanza katika mizabibu ya Ufaransa mwaka 1885. Nayo huzuia mildiu, na haitoi ETU. Ichanganywe katika chombo cha mbao au plastiki, si cha chuma. Nayo ina ubaya wake: shaba haitoki udongoni, na samaki wanaichukia pia.

Sasa wenye pompi wazilete hapa mbele. Tutazijaza maji matupu tuone zipi zinavuja mgongoni, kwa maana katika kijiji kilichotangulia nilikuta nne zikivuja kati ya saba, na wenyewe hawakujua.